Mwaka Tuliposoma Utumwa wa Amerika

Bi Thureya, mwenye Nyumba Kubwa, alikufa Jumatatu asubuhi, na kabla hajazikwa simu ya mama ilikwishalia. Waliompigia walimpa habari, wakamuuliza masufuria makubwa ya pilau yako kwake au yako Nyumba Kubwa, kisha wakamwambia anihimize mimi nije mapema pamoja na mwanangu, maana watu watakuwa wengi na mikono haitoshi. Mama akanipigia mimi hapo hapo. "Zuwena, vaa kanzu ya kazi ndani ya abaya. Na Amal mvishe kitu kisichoonesha madoa, atakusanya vikombe." Mwanangu ana miaka saba. Nikamjibu, "Nimesikia, mama," jibu ambalo si ndiyo wala si siyo, nililolelewa nalo, halafu nikakaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja ya mtoto mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nina mume, nina nyumba yangu, nina leseni ya gari, nina ulimi ambao majirani wote wanaujua. Na bado mtu wa Nyumba Kubwa akipiga simu, narudi kuwa msichana wa miaka kumi na saba.

Huo ndio umri niliokuwa nao mwaka ninaotaka kuuandika, na nauandika kwa hasira, nisidanganye. Nyumba Kubwa ndivyo tulivyoiita, moja ya nyumba chache za Maskati yenyewe, ndani ya kuta, ambazo bado zilikuwa na watu wanaolala humo. Jina lao la ukoo na letu ni moja. Asiyejua anadhani sisi ni jamaa. Sisi si jamaa. Huko Unguja, tulikotoka wao na sisi, nyanya wa bibi yangu alikuwa mtumwa wa nyumba ile, na alipoachwa huru alibaki na jina la nyumba na kazi ya jikoni. Nimeliandika hilo kwa sentensi moja, na nilipokuwa mtoto sikuwahi kulisikia hata kwa nusu sentensi, ingawa sote tulilijua. Kilichosemwa ni "wetu" tu. "Hawa ni wetu," Bi Thureya aliwaambia wageni, mkono wake wa hina begani kwangu, nami natabasamu. Ikiwa harusi, ikiwa maulidi, ikiwa msiba, mama aliingia kwa mlango wa jikoni siku mbili kabla ya wageni na kutoka siku moja baada yao, na akitoka alipewa jozi ya kanga na sinia la chakula lililofunikwa. Hakuna aliyemlazimisha. Ukimuuliza, alikuwa anasema, "Mie nnakwenda kwetu," na kweli aliamini hivyo, na mimi mpaka leo sijui nifanye nini na imani ile.

Tuliishi Ruwi, nje ya kuta hizo, ghorofa ya tatu juu ya fundi cherehani, katika fleti ambayo kiyoyozi chake kilidondosha maji kwenye ndoo ya bluu mchana kutwa. Chumba kimoja kilikuwa changu na dada yangu Rahma. Yeye alikuwa ameajiriwa benki, dirishani, na alikuwa anarudi mchana na viatu mkononi, anakula wali na samaki wa kukaanga amesimama, kidole kimoja ndani ya chupa ya achari ya ndimu, simu kwenye bega. Nilijua anazungumza na nani kwa jinsi alivyokuwa hamtaji jina. Ni Haitham, mtoto wa kiume wa Bi Thureya. Walikua pamoja kama tulivyokua sote, yeye barazani na sisi jikoni, na mahali fulani kati ya baraza na jiko wakaonana. Haitham hakuwa muhuni. Alitaka kuoa. Alimwambia mama yake, mama yake akamwambia baba yake, na baba yake akanyamaza kwa muda mrefu hata Rahma akakonda, pete aliyorithi kwa bibi ikawa inamzunguka kidoleni peke yake.

Jibu la mzee nililisikia mwenyewe. Ilikuwa siku ya khitma Nyumba Kubwa, nami niko jikoni napanga katlesi, na baina ya jiko na chumba cha kulia palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani kisichofungika vizuri. Mzee alikuwa anamwambia mkewe, taratibu, kama mtu anayepanga safari: "Jina ni moja. Watu wa siku hizi wanasoma jina, hawachimbi. Wasiojua hawajui, na wanaojua wana haya zao. Mradi asitokee mtu wa kulisema." Bi Thureya akamuuliza, "Na akitokea?" Mzee akasema, "Akitokea, basi. Siwezi kukaa msikitini watu wananihesabia mababu za mkwe wangu." Nikamaliza kupanga katlesi. Nilipomweleza mama, alifunga mlango wa jikoni kwetu Ruwi, nyumba ya watu watatu, hakuna wa kusikia, akaninong'oneza: "Umesikia mwenyewe. Ndoa hii inaning'inia kwenye midomo ya watu. Usije ukasema, Zuwena. Usiseme shuleni, usiseme dukani, usiseme hata ukiwa peke yako."

Basi mwaka mzima tukaishi hivyo, posa imefichwa ili watu wasianze kuchimba. Sijui kama umewahi kukaa na furaha ambayo hairuhusiwi kutajwa. Simu ikilia, sote tunatazamana. Jirani akimsifu Rahma kwamba amependeza, mama anabadilisha mazungumzo kwa haraka hata jirani anashangaa. Nguo ya harusi ilikuwa inashonwa na yule fundi wa chini, Mhindi mmoja mpole, naye tukamwambia ni ya binamu wa mji wa Sur. Nikijisomea mezani nilikuwa nahesabu kichwani nani anajua: mama, Rahma, mimi, na wao watatu, Haitham na wazazi wake. Kisha nafikiria kama Shamsa anajua.

Shamsa ni mdogo wake Haitham, na alikuwa darasani kwangu, dawati moja. Nilisoma shule ile ya binafsi kwa hisani ya Nyumba Kubwa, Bi Thureya aliniombea nafasi, na sikupewa nafasi ya kulisahau hilo. Lakini Shamsa nilimpenda, niseme kweli. Alikuwa anakula sambusa za mama kutoka kwenye kopo langu na kusema na mdomo umejaa, "Yakhe, hizi za kwetu hizi!" Nilikuja kugundua kwamba yeye hakuambiwa habari za posa. Alikuwa na mdomo mwepesi, nyumba nzima inajua, wakamficha.

Mwaka huo huo akaja mwalimu wa historia kutoka Amerika, Miss Loretta, mwanamke mweusi, mrefu, kichwa kimenyolewa kama mwanamume, akatusomesha utumwa wa kwao na harakati za kuukomesha. Siku ya kwanza darasa lilijifanya limechoka. Siku ya pili hakuna aliyekohoa. Alituambia juu ya mashamba ya pamba, juu ya mnada ambapo mama ananunuliwa na huyu na mtoto na yule, juu ya mwanamke aliyetoroka kwenda kaskazini akapona, kisha akarudi tena na tena kuwachukua wengine. Alitueleza kuhusu wakomeshaji, weusi kwa weupe, waliokuwa wanaongea kwenye kumbi huku watu wanawarushia mayai na mawe, na wanawake waliokataa kuweka sukari ya watumwa kwenye chai yao. Shamsa alilia. Alilia kwa kwikwi, mascara imemshuka mpaka kidevuni, nami nampa tishu. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa hadhari, maana kila alichosema nilikuwa naogopa atafika kwetu.

Akafika, bila kujua. Siku moja alituambia kwamba wenye watumwa wengi hawakupenda hata neno lenyewe. Barua zao na maongezi yao ya mezani hayakusema "watumwa". Yalisema "watu wetu". Wakisema wanawapenda, wanawalea, wanawauguza wakiumwa, na kwamba huko kaskazini watu hawaelewi mapenzi yaliyoko. Shamsa akanitazama akatikisa kichwa, kama kusema, umeona unafiki wa Wamarekani? Mimi nilitazama meza. Na siku nyingine akasema kwamba vita vilipokwisha na watu wakawa huru, wengi walibaki na majina ya mabwana zao kwa kuwa hawakuwa na jingine la kuandika, na kwamba jina la ukoo la yeye mwenyewe Miss Loretta, lile lililoandikwa kwenye mlango wa darasa, lilikuwa la mwenye shamba. Alilisema vile vile tu, kama mtu anayekwambia saa ngapi. Nikajiuliza mtu anafikaje hapo, pa kulisema jambo hilo na chaki mkononi na dunia isianguke.

Kazi ya mwisho ya muhula ilikuwa kila mmoja asimame aeleze historia ile inatugusa vipi sisi. Mimi niliandika juu ya matangazo ya magazetini, watu walioachwa huru wakitafuta mama zao na watoto zao miaka mingi baada ya kuuzwa. Nilichagua hilo kwa kuwa liko mbali, tena ni la magazeti ya watu wengine. Shamsa akaenda mbele na bango kubwa tulilochora wote wawili, sakafuni kwao, mama yangu akituletea juisi ya ukwaju. Alisema vizuri. Alisema kuhusu minyororo, alisema kuhusu minada, sauti ikimtetemeka. Kisha akafika mwisho, na uso wake ukachangamka. Akasema, "Lakini nataka darasa lijue kwamba kwetu haikuwa kama Amerika. Kwetu palikuwa na huruma. Mimi ninao ushahidi hai. Zuwena na mimi tunakaa dawati moja. Mababu zake walikuwa watumwa wa nyumba yetu, na mpaka leo ni watu wetu, jina letu ni moja, mama yake ndiye anayetupikia siku zetu zote kubwa, na tunapendana. Au siyo, Zuzu?"

Alinyoosha mkono kuniita mbele. Anatabasamu. Alidhani amenipa zawadi.

Darasani mlikuwa na mabinti wa nyumba tano au sita zinazojuana, zinazooana, ambazo mama zao wanakutana kila wiki. Nilimuona mmoja anamgusa mwenzake goti chini ya meza. Mwingine aliyekuwa akiniita binamu mwaka mzima akanitazama nywele. Mimi nilisimama, maana niliitwa, na miguu ilikwenda yenyewe. Nikasimama pembeni ya bango. Shamsa akanikumbatia na baadhi wakapiga makofi. Kichwani mwangu palikuwa na kitu kimoja tu, nguo nyeupe ya Rahma kwa fundi, imetundikwa kwenye msumari, mikono bado haijatiwa.

Miss Loretta hakupiga makofi. Kengele ilipolia akaniambia nibaki. Akaniuliza kama niko salama, nikasema niko salama. Akaniuliza kama nataka azungumze na Shamsa, au na wazazi. Ah, nilimsihi! "Tafadhali usiseme na mtu, mwalimu. Ukisema itakuwa imesemwa mara mbili."  "Kwa hiyo hapa kosa ni kulisema," akasema. Nikachukua mkoba. Nilitaka basi la shule, nilitaka kufika nyumbani kabla ya habari.

Habari ilifika kabla yangu. Nilimkuta mama amekaa jikoni na simu uso chini mezani. Rahma alikuwa chumbani, mlango wazi, anakunja shela iliyokwisha kukunjwa, anaikunjua, anaikunja tena. "Nani alisema?" akaniuliza bila kugeuka. "Shamsa." "Kwa ubaya?" Nikasema, "Hapana. Kwa mapenzi." Rahma akacheka, kicheko kifupi sana, cha puani. "Bora ingekuwa kwa ubaya," akasema, "ningepata wa kumchukia."

Bi Thureya alikuja mwenyewe. Katika maisha yetu yote hakuwahi kupanda ngazi zile za Ruwi, na siku hiyo alizipanda, anahema, dereva nyuma yake na bakuli kubwa la halwa. Alikaa kwenye kochi letu, akamvuta Rahma kifuani, akalia machozi ya kweli, naapa yalikuwa ya kweli. "Rahma, we mwanangu. Mungu anajua. Ningalikuwa peke yangu nisingejali. Lakini watu wameshasema, na baba yake Haitham hawezi. Nyie wetu, mtaelewa." Mama akasema, "Tunaelewa, Bibi." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na glasi za maji juu ya sinia, na nikasema, kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mwingine, "Tunaelewa nini?" Mama akanitazama jicho lile. Bi Thureya hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, ndiyo iliyoniua, huruma, akamwambia mama, "Mtoto amekasirika, muache. Amesoma." Alipokuwa anavaa viatu akakumbuka jambo: mwezi ujao kuna wageni kutoka Nizwa, na mama aje mapema kidogo kuliko kawaida.

Wageni wa Nizwa walikuwa na binti. Haitham aliozwa kabla ya mwaka kwisha. Simlaumu sana na simsamehe vilevile. Alimtumia Rahma ujumbe mrefu na Rahma hakuufungua mbele yangu. Mama alikwenda kupika harusini. Nilimwambia mimi siendi ng'o, akaniambia kwa utulivu, "Shule yako iko mikononi mwao na mtihani bado," kwa hiyo nilikwenda. Rahma ndiye aliyempigia mama pasi nguo ya kazi. Nilipita baina ya mazulia na sinia la vikombe, na Shamsa, amepambwa mpaka hajulikani, akaniita kwa furaha kutoka jukwaani, "Zuzu! Njoo ukae nasi bwana!" Sinia liko mikononi mwangu. Hakuliona. Tangu siku hiyo nimekutana na watu wengi wanaoniambia mambo hayo ni ya zamani, yamekwisha, tusichokoe. Huwa namuona Shamsa, anavyonitazama usoni na sinia halioni.

Rahma hakuolewa. Walikuja wawili, wote wa nyumba kama yetu, akawakataa kwa adabu. Leo ni mkubwa wa tawi la benki, wanaume na kanzu zao za dishdasha wanasimama kumsubiri, na jioni anarudi fleti ile ile kwa mama. Nilipomuuliza kama atakwenda msibani kwa Bi Thureya alisema, "Nitakwenda siku wakinialika kukaa." Akaendelea kukata kucha.

Basi Jumanne nikamvisha Amal gauni lake la Idi, jeupe. Tulipopita Mutrah, kando ya bahari, kwa gari akaniuliza, "Mama, tunakwenda kwa jamaa zetu? Mwalimu anasema jina lao kama lako."  Ningeweza kusema ndiyo. Mama yangu angesema ndiyo. Nikapunguza mwendo, nikamwambia, kwa maneno ya mtoto wa miaka saba, kila kitu: nani alikuwa wa nani, nani aliachiwa, jina lilitoka wapi. Nilimwambia kwamba Amerika palikuwa na hivyo, na Unguja palikuwa na hivyo, na kwamba si aibu yetu. Alitazama bahari, akafikiri, akasema, "Kwa hiyo bibi ndiyo maana anapika?" Nikaongeza mwendo. Njia yote iliyobaki nilikuwa na hofu atauliza tena kule, kwa sauti, mbele za watu. Nikajigundua nipo pale pale, nachunga mdomo.

Tuliingia kwa mlango wa mbele. Ni hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni, na nilizipiga nimemshika Amal mkono. Chumba kilijaa wanawake, msahafu unasomwa, tende katikati. Shamsa akainuka, mnene sasa, macho yamevimba, akanikumbatia. "Zuzu, umekuja! Mama yako yuko huko ndani, kachoka, maskini..." Akasubiri niende jikoni. Nikampa mkono wa pole, nikakaa kwenye zulia baina ya wageni, nikamkalisha Amal kando yangu. Shamsa naye akakaa, akaniinamia sikioni. "Nilikuwa mtoto siku ile. Sikujua." Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa mtoto. Nilijua." Akainamisha kichwa. Nilimuonea huruma na nilitaka kumpiga, yote kwa pamoja.

Kisha mama akaingia na birika la kahawa, mkono mmoja birika, mkono mwingine vikombe, amezeeka, miguu imemvimba juu ya ndara. Akaniona nilipo. Akaanza kumimina kutoka kulia, kama ilivyo desturi, mgeni mmoja baada ya mwingine, anainama na kuinuka, mpaka akafika kwetu. Akamimina kikombe, akaninyooshea mimi, binti yake, bila kunitazama. Na Amal akasema, kwa sauti ile ile niliyoiogopa, sauti ya darasani, "Bibi, mbona wewe hukai?"

Msomaji wa msahafu alisita kwenye aya. Nikapokea birika kutoka mkononi mwa mama. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na mkono wake haukuliachia mara moja. Nikaliweka chini. Nikasogea, Amal akasogea, pakawa na nafasi ya mtu mmoja baina yetu.

"Kaa, mama."

"Nkikaa mie," akasema, na hakuwa anagomba, alikuwa anauliza kweli, macho yake yanazunguka chumba kizima, "nani atamimina?"

 Hakuna aliyeinuka. Mama akashika bega langu, akashuka polepole, akakaa nusu tu, goti moja juu, kama mtu wa kuinuka wakati wowote. Birika likabaki katikati ya zulia, linatoa mvuke, nasi sote tukawa tunalitazama.